Skii za Mitumba za Bi Pavla

Kila Oktoba, Jumamosi ya pili, magari mawili mekundu ya zimamoto ya kijiji cha Bistrica hutolewa nje yakaloweshwa na mvua, ili skii za mitumba, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, zipate nafasi ukumbini. Watu huanza kuzileta Ijumaa jioni. Kuna za watoto waliorefuka ghafla, za waume walioapa kutorudi mlimani baada ya goti kuteguka, za mabinti walioolewa pwani. Zinaegemezwa ukutani safu kwa safu, kila jozi na kikaratasi chake cha namba na bei, na ukumbi mzima unanuka nta, soseji za kuchemsha na kabichi chachu.

Karibu na dirisha, penye mwanga mzuri, huwekwa kiti cha Pavla Brence. Hakuna mkutano uliowahi kukaa ukampa cheo. Ilianza tu, mwaka aliostaafu, jirani mmoja alipomwomba amkagulie jozi kabla hajatoa pesa. Mwaka uliofuata wakaja kumi. Sasa foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya soseji.

Alikuwa na miaka sitini na tatu, mfupi, mpana wa mabega, mwenye viganja vigumu kama ubao. Miaka thelathini na sita alikuwa kwenye mashine ya kuminya katika kiwanda cha skii chini ya stesheni: anapanga mbao, nyuzi za kioo, gundi na makali ya chuma, tabaka juu ya tabaka, anafunga, anapasha moto, anangoja. Kwa hiyo mtu alipomletea skii hakuwa na haja ya kusoma kikaratasi. Aliishika kwa mkia, akafumba jicho moja, akaitazama kama anayelenga shabaha. Akaibana na mwenzake tumbo kwa tumbo ili aone nafasi iliyobaki katikati. Akapitisha ukucha kwenye makali, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hii imelala juani, gundi imechoka. Rudisha."

Au: "Hii mwenyewe aliipenda. Tazama, aliipaka nta kabla ya kuiweka. Chukua, wala usimpunguzie bei."

Na watu walichukua, au wakarudisha, bila kubisha.

Jambo moja tu hawakulijua, nalo Pavla hakuwa amelificha, ila hakuna aliyewahi kuuliza. Hakuwa anajua kuteleza. Mara ya mwisho alipofunga skii miguuni alikuwa na miaka kumi. Zilikuwa za kaka yake, ndefu kumpita kwa mikono miwili, zimefungwa kwa kamba, naye alizipanda siku ya michezo ya shule akaenda nazo moja kwa moja mpaka kwenye banda la kuni la mwalimu. Mfupa wa mguu ulivunjika. Kesho yake baba akazibadilisha zile skii kwa kitoto cha nguruwe, na habari ikaishia hapo. Baadaye ikaja kazi, ikaja ndoa, wakaja watoto wawili, ng'ombe, na mama mkwe aliyeugua miaka saba. Wengine walipopanda mlimani Jumapili, Pavla alikuwa anafua.

Waliolijua jambo hilo ni wawili. Wa kwanza ni mumewe Cene, mstaafu wa reli. Wa pili ni Jernej Torkar, aliyekuwa darasa moja naye siku ya lile banda, na ambaye sasa alikuwa mwendeshaji wa waya wa kuvuta watelezaji kupanda kilima kidogo cha Brdo.

Oktoba hiyo ninayoisimulia, foleni ilimleta Neža, muuguzi kijana aliyehamia bondeni majira ya kuchipua. Alikuwa amekumbatia jozi ya bluu. Pavla akaifumbia jicho moja, akaigonga, akatabasamu.

"Chukua, binti. Hii itakufundisha vizuri."

Neža akafurahi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda maongezi, hakuondoka. "Na wewe, Bi Pavla, unatelezea zipi?"

Ukumbi haukunyamaza. Hakuna aliyegeuka. Lakini Pavla alihisi masikio yakimwaka moto, na kabla hajafikiri mdomo ukajibu wenyewe.

"Za kijani. Za zamani kidogo."

"Basi tutaonana Brdo, theluji ikianguka. Sina wa kwenda naye, na wote kazini wanasema mtu wa kuandamana naye ni wewe."

"Tutaonana," akasema Pavla, akamwita anayefuata.

Cene alikuwa amesimama nyuma yake na sahani mbili za soseji. Alingoja mpaka walipofika nyumbani na kuvua viatu.

"Skii za kijani," akasema. "Cha kijani ninachokijua mimi humu ndani ni kile kigoda cha kukamulia."

"Usinianze, Cene."

"Sikuanzi. Nauliza tu nikitafute kigoda au nisikitafute."

Pavla akamtupia kitambaa cha sahani. Usiku ule, hata hivyo, hakucheka. Si kwamba uongo wenyewe ulikuwa mkubwa. Kilichomkera ni kwamba ulimtoka kwa urahisi mno, kama kitu kilichokuwa kimekaa tayari mlangoni miaka mingi kikingoja kufunguliwa. Tena ulimwonyesha jambo ambalo hakuwa amejiambia: kwamba alitaka uwe kweli.

Wiki mbili baadaye alivaa koti la kanisani, akajifunga kitambaa kichwani, akasema anakwenda kumwona binamu yake upande wa pili wa mlima.

"Treni ya saa tatu na dakika nane," akasema Cene bila kuinua macho kwenye gazeti. "Ukirudi na ya saa tisa utapata kiti. Ukiwa na mzigo mrefu, kaa behewa la mwisho."

Pavla akamtazama. Cene akageuza ukurasa.

Treni ikaingia kwenye handaki, giza refu chini ya mlima, ikatokea bonde lile jingine ambako watu husema maneno yaleyale kwa kuyavuta na ambako hakuna aliyemjua. Mnada wao wa skii ulikuwa nje, uwanja wa shule, watu wakiuza kutoka migongo ya magari. Pavla akazunguka mara mbili kabla hajathubutu kushika kitu. Halafu akaona, kwenye gari la bwana mmoja mnene aliyeitwa Rutar, jozi fupi ya rangi ya majani, imetiwa mikwaruzo lakini imenyooka.

Akaigeuza. Karibu na kifungio cha nyuma palikuwa na tarakimu ndogo iliyominywa kwenye plastiki, ambayo mteja yeyote angeidhania ni kasoro. Nne. Zamu ya nne. Zamu yake. Hakujua ni siku gani wala mwaka gani, lakini mikono iliyoifungia mashine ile ilikuwa hii iliyoishika sasa, na kwa muda akasimama pale kama mtu aliyekutana njiani na mwanafunzi wake wa zamani.

"Arobaini," akasema Rutar.

"Makali ya mkiani yamekula kutu hapa. Na huyu aliyezinoa mara ya mwisho alikuwa mlevi, amenoa upande mmoja. Ishirini na mbili."

"Dada, zimetoka kiwanda kizuri hizo."

"Najua zilikotoka."

Rutar akamwangalia vizuri. "Wewe si mnunuzi, wewe ni daktari wa maiti. Lete ishirini na tano, uniache nipumue."

Zikafika ishirini na tano. Pavla alikuwa ameshiba fahari, na hapo ndipo alipoharibu. Kwa sababu skii peke yake haitoshi, na kuhusu viatu hakuwa anajua chochote. Kiwanda chao hakikutengeneza viatu, na kwenye kiti chake cha dirishani watu walimletea skii tu. Rutar akatoa mabuti meupe ya plastiki yenye bizimu za waridi, safi, yanang'aa.

"Yamevaliwa mara mbili tu haya. Ya bibi mmoja wa Gorica, yalikaa darini tangu wakati huo."

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

Pavla akaketi nyuma ya gari akavaa. Yalimwingia kama ndara. Vidole vikacheza, kisigino kikapumua, hakuna kilichombana. Akasimama, akatembea hatua tatu kokoko kwenye changarawe, akaona raha. Hakuyagonga. Hakuyafumbia jicho moja. Akatoa euro kumi akafunga mzigo wake kwa gunia, akarudi na ya saa tisa, behewa la mwisho, akapata kiti.

Mzigo akauficha darini kwenye majani makavu, juu ya zizi. Desemba nzima alipanda huko baada ya kukamua, akavaa, akajizoeza kusimama, kuinama magoti na kugeuza miguu, huku Liska, ng'ombe wao, akitafuna chini. Siku moja Cene akamwambia akiwa anakata mkate:

"Nilidhani tumeingiliwa na farasi kule juu."

"Ni panya."

"Panya mzito. Mwambie asikanyage ubao wa tatu, umeoza."

Theluji ya kufaa ilianguka wiki ya pili ya Januari. Pavla akachagua Jumanne asubuhi, watoto wako shule na wakubwa wako kazini, akabeba skii begani akapita njia ya nyuma, ng'ambo ya mto. Pale Brdo palikuwa na Jernej peke yake, amekaa mlangoni mwa kibanda chake na kikombe mkononi.

"Pavla. Umekuja kukagua waya?"

"Nimekuja kuteleza."

Jernej akamwangalia usoni, akaangalia zile skii, akaweka kikombe chini. "Sawa," akasema. "Usishike waya leo. Panda kwa miguu mpaka kwenye ule mti, uteremke kutoka hapo. Banda la mwalimu walilibomoa zamani, huna la kugonga."

Akapanda kwa upande, hatua kwa hatua, kama ngazi. Mara ya kwanza alikwenda mita tano akakaa kitako. Mara ya pili mita kumi, akakaa. Lakini kwenye ile mita ya sita mpaka ya tisa palikuwa na kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu ana miaka kumi. Skii zilimchukua. Akazisikia chini yake zikijikunja na kujikunjua, kila tabaka alilolipanga likifanya kazi yake, naye akapiga ukelele mdogo ambao ni Jernej tu aliyeusikia.

Mara ya tatu akapanda juu zaidi. Akashuka vizuri, akajaribu kugeuka kushoto, akaegemea mguu wa kulia. Pakatoka mlio kama wa mtu anayeuma biskuti. Kisha mwingine. Buti la kulia likapasuka kuanzia kisigino mpaka kwenye bizimu, likafunguka kama ganda la yai, na mguu wa Pavla ukachomoka ndani yake ukiwa na soksi nyekundu ya sufu. Skii ya kulia haikungoja. Ikaendelea peke yake na kipande cha soli kikiwa bado kimekamatwa kwenye kifungio, ikapita kibanda, ikavuka barabara, ikaingia bustani ya padri.

Pavla alikuwa amekaa kwenye theluji, amezungukwa na vipande vyeupe na bizimu za waridi. Jernej akapanda polepole, akiokota vipande njiani na kuvitia kofiani kama mtu anayeokota uyoga. Akachuchumaa mbele yake.

"Umeumia?"

"Hapana."

Akabonyeza kipande kimoja kati ya vidole. Kikavunjika. "Plastiki ina umri wake. Ukiiacha darini miaka ishirini, thelathini, inakauka. Kwa macho huoni kitu. Siku unayoisimamia ndiyo siku yake."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

"Ningemuuliza nani, Jernej? Mimi ndiye ninayeulizwa."

Jernej akaangalia chini, mabega yakaanza kumtikisika. Alijitahidi, maskini, kwa heshima ya urafiki wa miaka hamsini na zaidi, lakini jicho lake likaangukia ile soksi nyekundu. Pavla akaona. Kicheko kikamtoka yeye kwanza, kikubwa, cha tumbo, na Jernej akapata ruhusa, wakacheka wawili wale mpaka wakashikana mikono wasidondoke.

Jernej akamteremsha kwa toroli la theluji mpaka kibandani, akampa chai yenye pombe kidogo na mguu wake akauviringishia koti lake. Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Neža, skii za bluu mkononi. Alikuwa amefanya zamu ya usiku, na ilikuwa siku yake ya kupumzika.

"Bi Pavla," akasema kwa furaha. "Nilikuwa nakutafuta wiki nzima." Kisha akaona soksi, akaona kofia iliyojaa vipande.

Jernej akafungua mdomo ili amwokoe, na Pavla akamzuia kwa mkono.

"Nilikudanganya, binti. Sijui kuteleza. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza tangu utoto. Skii za kijani nilizinunua baada ya kukuambia ninazo."

Neža akakaa kwenye benchi. Alionekana kulipima jambo lile kwa makini, kama anayesoma joto la mgonjwa. "Kwa hiyo hizi zangu ulinichagulia hivihivi?"

"Hapana. Skii naijua. Mtu aliyesimama juu yake ndiye simjui."

"Basi ni sawa," akasema Neža, "maana hizi ni nzuri sana." Akashika lile buti zima la kushoto, akaligeuzageuza. "Lakini haya ungeniuliza mimi. Nimefunga plasta miguu ya kutosha kujua buti baya. Haya hata yasingevunjika, ni makubwa mno. Uliyapenda kwa sababu hayabani?"

"Yalikuwa kama ndara."

"Ndiyo maana. Ndara ni za jikoni."

Alhamisi yake Neža akampeleka kwa Štefka wa posta, ambaye dada yake alikuwa ameacha viatu vya misimu mitatu tu iliyopita. Pavla hakutaka. Kununua kitu kwa Štefka ni sawa na kukitangaza kanisani. Lakini viatu vilikuwa hapo, na saizi ya mguu ilikuwa ileile. Akakaa kwenye stuli nyuma ya mizani ya vifurushi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi yeye ndiye akakaguliwa.

"Soksi moja tu, nyembamba," Neža akamwamuru. "Simama wima. Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa. Vinabanwa."

"Sasa kunja magoti. Bado vinagusa?"

"Vimerudi nyuma kidogo."

"Hapo hapo. Kisigino kinainuka?"

"Hakiinuki. Nimekamatwa kama mwizi."

"Chukua," akasema Neža, kwa sauti ileile kavu ya Pavla, na Štefka akacheka mpaka akaweka muhuri kwenye bahasha isiyokuwa na anwani.

Kufikia jioni bonde zima lilikuwa na habari. Mwoka mikate akamuuliza Pavla kama leo amekuja na viatu vyote viwili. Padri akamrudishia skii mwenyewe, mlangoni, akamwambia ilifika salama na haikuomba kuungama. Wazee wa zimamoto wakamtumia salamu kwamba Oktoba watamwekea na kapeti chini ya kiti, asije akaanguka tena. Pavla aliyapokea yote kwa uso mgumu, akawajibu kila mmoja kwa lake, na usiku akamwambia Cene kwamba alikuwa anaogopa kitu hicho miaka yote, na sasa kimekuja na ni kidogo tu, ni maneno ya dukani.

"Wanakupenda," akasema Cene. "Angeanguka mtu wasiyempenda wangenyamaza."

Baridi yote ile walipanda Brdo, Pavla na Neža, kila siku ya mapumziko ya Neža. Neža alikuwa bado anajifunza mwenyewe, kwa hiyo alimfundisha alichokijua wiki iliyotangulia. Jernej alipiga kelele kutoka kibandani: "Magoti, Pavla, magoti, umesimama kama unasubiri treni." Februari akaruhusiwa kushika waya. Mwanzo wa Machi akateremka kutoka juu kabisa, mara moja, kwa kona kubwa kubwa kumi na moja, na Cene amesimama chini na chupa ya chai. Aliweza kila kitu isipokuwa kusimama. Akampita mumewe akimpungia mkono, akaenda kuishia kwenye wavu wa usalama ambao Jernej aliufunga chini ya kilima, ambako alikaa amening'inia kwa amani mpaka walipokuja kumtoa.

Jumapili ya mwisho kabla theluji haijaoza waliteleza mpaka saa sita, kisha Pavla akarudi nyumbani akakausha skii kwa kitambaa, akazipaka nta ya kuhifadhia. Cene alikuwa amepika supu ya maharage na kabichi. Wakaanza kula.

"Haya, mtaalamu," akasema Cene. "Unazionaje?"

Pavla akafikiri, kijiko hewani. "Mkia wake ni mgumu. Ukigeuka unakusukuma nje, hasa ukichoka. Tulikuwa tunaminya nyuma kupita kiasi."

"Sikumbuki ukisema hivyo ulipokuwa kiwandani."

"Sikusema. Walikuwa wanakuja watu na kulalamika, kila mwaka, mkia mgumu, mkia mgumu. Nikawaambia hawajui kuteleza." Akaweka kijiko chini. "Nilibishana na watu wengi sana, Cene."

"Wengi wao bado wako hai," akasema Cene, akamsogezea mkate.